Kitabu cha Penseli na Kitabu cha Wino

Nakuru, Jumapili, 12 Januari 1958. Asubuhi baridi, mbingu nyeupe bila wingu hata moja. Tangu saa nne upepo unatoka upande wa ziwa, na vumbi la magadi limeingia mpaka ndani ya kabati la vyombo.

Mwanangu Rebeka,

Utacheka kwanza kwa sababu ya mstari huo wa juu. Cheka tu. Siwezi kuandika hata barua ya kumwachia binti yangu bila kutaja tarehe na hali ya hewa, kama vile siwezi kufunga shajara yangu bila kuandika saa niliyolala. Umeiona shajara hiyo tangu ulipokuwa mdogo, na wewe na baba yako mmekuwa mkiniita karani wa nyumba. Leo nitaandika kama karani, lakini karani anayejishitaki.

Saa hizi ni alasiri, saa kumi. Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na baba yako yuko zamu kwenye reli mpaka asubuhi. Sanduku lako limefungwa. Habari za blanketi, za vidonge vya malaria na za kuandika nyumbani kila wiki nimeshakuambia mpaka ukaziba masikio, kwa hiyo sizirudii. Nina jambo moja tu, na ni lazima ulijue kabla garimoshi halijaondoka kesho.

Ijumaa uliporudi kutoka kwa yule profesa kijana aliyekupa kazi, ulikuwa na furaha nyingi. Ulisimama hapo mlangoni na kofia bado kichwani, ukasema, "Mama, profesa hataki maswali. Anataka nikae na watu wa Ndabibi wanisimulie maisha yao, vile wanavyotaka wenyewe. Anasema hadithi haiulizwi, inangojewa."

Nikasema, "Basi atalipa watu kwa kungojea?"

"Atanilipa mimi kwa kungojea! Na majina ameshayapata, kuna bibi mmoja Mzungu alifanya kazi kama hii zamani, akaacha makaratasi, na profesa ameulizia waliohamia Ndabibi. Tazama."

Ukanipa orodha. Majina kumi na moja. Nilisoma mpaka namba saba: Wairimu, mjane, zamani wa Njoro. Ndipo chai ilipomwagika. Ukaniuliza, "Unamjua?" Nikakujibu, "Nilimwona mara moja, siku nyingi." Ukachukua kitambaa ukapangusa meza, ukaendelea kuzungumza.

Nilikudanganya, Rebeka. Yule bibi Mzungu nilimfanyia kazi mimi. Makaratasi yale niliyaandika mimi, kwa mkono huu. Na Wairimu nilimwona mara nyingi sana.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na moja, wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili na ulikuwa bwenini. Ulijua nafundisha watoto wa shamba kule Njoro siku za wiki na kurudi nyumbani Jumamosi. Nilikuwa nafundisha, ni kweli, lakini mchana. Baada ya saa tisa nilikuwa mkono na mdomo wa yule bibi. Alikuwa amekuja kutoka ng'ambo kujifunza jinsi familia za wafanyakazi zilivyofika kwenye mashamba ya walowezi na jinsi zilivyoishi pale. Watu walimwita Memsahibu Karatasi. Alikuwa mwema, mrefu, mwenye kukosea Kiswahili bila haya.

Mwanzoni alikuja na fomu. Maswali arobaini, na mimi niliyapenda, maana kila swali lilikuwa na mstari wake na kila mstari ulikuwa na mwisho. Nyumba ya kwanza tulimkuta mzee mmoja mchungaji wa ng'ombe wa maziwa. Nikamwuliza, "Mzee, una kuku wangapi?"

Akamtazama Memsahibu, akanitazama mimi. "Anataka kununua?"

"Hapana, mzee. Anataka kujua tu."

"Kujua kuku wangu?"

"Ndiyo."

"Basi andika wale anaotaka yeye. Mimi sitaki kumvunja moyo mgeni."

Mkewe alicheka mpaka akaketi chini. Kila nyumba ilikuwa hivyo. Tulipata kuku na mbuzi na watoto kwa kadiri ya uso wa anayeuliza. Mwishowe Memsahibu alizikunja fomu zote akazitia sandukuni, akaniambia, "Sasa hapana uliza. Wewe ambia yeye aanze pale anapenda. Halafu wewe nyamaza."

Kunyamaza! Mimi ni mwalimu. Mtoto akikwama nampa neno. Hilo ndilo lililoniponza, na ndilo ninaloliogopa kwako, kwa sababu una akili ya haraka kama yangu, na mtu akitafuta neno wewe tayari unalo mdomoni.

Nilikuwa na vitabu viwili. Kimoja cha penseli, nilichoandikia mtu akisema, maneno yake yalivyotoka. Kingine cha wino, nilichonakilia jioni. Hakuna aliyeniambia niwe na viwili, ni mpango wangu mwenyewe, na nilijivunia sana. Katika kitabu cha wino nilipanga mambo. Mtu akianza na kifo cha ng'ombe, kisha akarudi kwenye harusi, kisha akaruka kwenye njaa, mimi niliweka harusi, njaa, ng'ombe, kila kimoja na mwaka wake pembeni. Akirudia jambo mara tatu niliandika mara moja. Memsahibu alisoma kitabu cha wino akafurahi. Kile cha penseli hakuwahi kukiomba, na mimi nilikionea haya, kama mtu anavyoonea haya nyuma ya nyumba.

Wairimu alikuwa mke wa mchuma maua ya pareto. Nilipofika kwake alikuwa peke yake, mumewe amehamishiwa shamba jingine na kijana wake mkubwa anakamua ng'ombe mbali. Siku ya kwanza hakusema kitu, alinipa maharagwe nichague mawe. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu, tukichagua maharagwe, alianza kusimulia mwenyewe, na hakuanza na kuzaliwa wala na kuolewa. Alianza na gari la ng'ombe lililomleta Njoro, na mvua iliyowanyeshea juu ya gari hilo, na sufuria kubwa aliyowafunikia watoto vichwani ili wasilowe. Kila siku alianza hapo. Gari, mvua, sufuria. Mimi nilikuwa naweka penseli chini mpaka apite hapo, kwa sababu sehemu hiyo nilikuwa nayo tayari.

Siku moja alifika mahali ambapo nimepasoma mara nyingi sana baadaye. Kitabu cha penseli ninacho hapa. Kinasema hivi: "Jioni nikapika ile sufuria kubwa. Ile kubwa. Nikala, nikabakisha." Halafu nimeandika, *amenyamaza*. Halafu naona swali langu, maana wakati ule niliandika na yangu: "Kulikuwa na wageni?" Halafu, *hakujibu, ametazama mlango*. Halafu anaanza tena habari ya mvua.

Ni hayo tu yaliyo katika penseli. Jioni ile, kwenye meza yangu, na taa imejaa mafuta na nibu mpya kwenye kalamu, niliona mstari huo unaning'inia. Mwanamke aliye peke yake hapiki sufuria kubwa bila sababu. Msomaji angeuliza. Basi nikaandika kwa wino: "Jioni ile alipika sufuria kubwa kwa ajili ya wageni." Na kwa kuwa nilikuwa mtu wa tarehe nikaweka tarehe. Na kwa kuwa Memsahibu alipenda kujua nani ni nani, nikaweka jina lake lote, na namba ya nyumba katika laini ya wafanyakazi.

Neno moja. Sikulitoa kwa ubaya. Nililiweka kama unavyoweka kabari chini ya meza inayotikisika.

Memsahibu alichapisha kurasa zangu kwa mashini, na kwa kuwa mwenye shamba alimruhusu kukaa pale kwa sharti aonyeshwe yote, nakala moja iliwekwa ofisini kwake. Hilo nililijua. Nilimwona karani akiitia kabatini. Sikufikiri chochote. Wakati ule bado tulikuwa watu wa kuogopa nzige na ukame.

Mwaka uliofuata Memsahibu alirudi kwao, na mwisho wa mwaka huohuo ikaja Hali ya Hatari. Hiyo uliiona mwenyewe, sina haja ya kukusimulia malori, wala asubuhi watu walipotolewa nje ya nyumba na kuketishwa chini. Mimi kwa kuwa si Mkikuyu nilipita. Niliendelea kufundisha darasa lililokuwa likipungua kila wiki.

Mwanzoni mwa hamsini na tatu, karani wa shamba, Ezekieli, alinifuata darasani watoto walipokuwa nje. Alikuwa anatumiwa kutafsiri kwenye mahojiano ya wafanyakazi. Alisimama kwenye mlango akizungusha kofia yake.

"Mama Rebeka, wamemchukua Wairimu."

"Kwa nini? Yule mama hajui kitu."

"Ile karatasi yako ilisomwa. Wanatafuta nani analisha watu wa msitu. Wakamwuliza, wageni gani? Sufuria kubwa ya nini? Na tarehe hii, nani alikuja?"

"Akasema nini?"

"Akasema hakuna wageni. Wakamwonyesha. Mimi ndiye niliyesoma." Akaivaa kofia, akaivua tena. "Kiswahili chako kizuri sana, mwalimu. Nilitafuta mahali pa kusema sijaelewa, sikupata."

Sijawahi kusifiwa hivyo tena katika maisha yangu, na sitaki.

Rebeka, sikwenda popote. Ningeweza kwenda ofisini kusema, neno hili ni langu, si lake, nina kitabu cha penseli cha kuthibitisha. Niliogopa. Nilifikiri juu yako na ada yako, nilifikiri juu ya kazi ya baba yako, niliogopa kwamba anayekiri neno moja ataulizwa mengine. Jumamosi ile niliporudi nyumbani baba yako akajua kuna vitabu, akaniambia, "Choma. Vyote. Leo." Nilichoma kile cha wino mbele yake. Cha penseli nilimwambia nimechoma. Nilikiweka chini ya kitako cha sanduku la cherehani, na kimekaa hapo miaka mitano. Nyumba hii ilipopekuliwa mara mbili, askari mmoja aliweka chai yake juu ya cherehani hiyo. Nilishona vifungo viwili mahali pamoja, hata sikumbuki kwenye nguo gani.

Umerudi. Nimesikia lango. Nitaendelea baada ya chakula.

Saa nne usiku. Umelala, au unajifanya. Ulipokuwa ukila ulinitazama kama mara tatu. Ulisema, "Mama, umenyamaza," nikasema ni upepo. Uongo huo uhesabu pamoja na mwingine.

Sasa sehemu ambayo sijamwambia mtu, hata baba yako.

Mwaka jana mwezi wa nane nilikwenda Bahati kununua viazi. Kwa mwuza vyombo, mwanamke alikuwa ameinama akigonga sufuria kwa ukucha, moja baada ya nyingine, akisikiliza. Alikuwa amekonda, na kitambaa cha kichwa kimefungwa chini sana. Alipoinua uso nilimjua kabla yeye hajanijua. Nilitaka kuondoka, akaniwahi.

"Mwalimu! Mama Rebeka! Bado unaandika watu?"

"Niliacha, mama. Hujambo? Umerudi lini?"

"Mwezi wa tatu. Mume wangu alifia huko kambini. Sasa kijana wangu anakamua Ndabibi, nakaa kwake. Nimepewa kibali cha siku mbili nimwone dada yangu hapa." Akainua sufuria moja, ndogo, ya kupikia mtu mmoja. "Tazama hii. Kama kikombe, sivyo?"

Mwuza vyombo akasema, "Mama, hiyo ni ya bibi harusi ambaye bwana hajaja."

"Basi ni yangu," akasema Wairimu, "isipokuwa bwana wangu haji tena." Wakacheka wote wawili. Mimi sikuweza. Akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu anayeendelea na mazungumzo ya jana:

"Unakumbuka ile kubwa? Nilikuwa na watoto watano. Watatu wakafa kwa homa katika msimu mmoja, kule Njoro, na hawa wengine wakaenda kazi, na baba yao akaenda. Na mimi nilikuwa sijui kupika kidogo. Mkono wenyewe ulikuwa unapima unga wa watu saba. Nilipika nikala nikabakisha, nikamwaga asubuhi. Niliona haya kukuambia. Mtu anayemwaga chakula!"

Kisha akasema, akigonga ile ndogo kwa ukucha, "Waliniuliza sana juu ya sufuria. Siku nyingi. Sijui habari ya sufuria yangu waliitoa wapi."

Alinitazama. Sijui kama alikuwa anauliza. Mpaka leo sijui kama anajua. Nilisema, "Mungu anajua."

Akalipa, akaifunga sufuria ndani ya kanga, akaniuliza jambo la mwisho. "Ile hadithi yangu, mwalimu. Uliiandika vizuri?"

Nikasema, "Niliiandika vizuri."

Hivyo ndivyo nilivyomwacha, katikati ya soko, mchana kweupe. Gari, mvua, sufuria juu ya vichwa vya watoto: kila siku alianza hapo, na mimi niliweka penseli chini kwa sababu nilifikiri nimeshaisikia. Alikuwa ananiambia kila siku wale watoto walikuwa wangapi chini ya sufuria ile. Laiti ningehesabu pamoja naye, nisingetafuta wageni.

Nilipoanza barua hii mchana nilikusudia kukuomba ufute namba saba. Nilikuwa na sababu nzuri: ni mzee, ameteseka, kumwuliza ni kumtonesha. Ningeliandika hivyo kwa Kiswahili kizuri, na wewe ungenitii. Lakini nimeandika mpaka hapa, na naona ningekuwa nafanya kitu kilekile, kupanga maisha ya Wairimu mezani kwangu yeye asipokuwepo, ili yasiyumbe.

Usimfute. Wala usiende kwake kabla yangu. Anza na wengine wiki hii. Jumamosi nitakuja kwa garimoshi la asubuhi, na kitabu cha penseli nitakuwa nacho ndani ya nguo. Ninajua baba yako atasema nini, nami nitamwambia kwanza kwamba sikukichoma. Nitakwenda kwa Wairimu, nitamsomea yaliyomo, na swali langu lile, na kimya chake. Kisha nitamwambia nani aliandika wageni. Baada ya hapo kitabu ni chake. Akitaka kukiwashia moto apikie, nitaleta kiberiti.

Unaweza kuwepo, lakini mikono yako iwe mitupu. Akinifukuza nitaondoka, na wewe utafanya atakavyosema. Akisema hataki kuandikwa tena na mtu yeyote wa ukoo wetu, mwambie profesa namba saba hayupo, na usimpe sababu hata akikusihi, kwa maana sababu nayo ni hadithi ya Wairimu. Na akisema uandike, mwulize jina gani utumie, na nakala itakaa wapi, na nani ana ufunguo wa kabati hilo. Uliza mpaka profesa achoke nawe. Mimi sikuuliza hata mara moja, na kabati nililiona kwa macho yangu.

Mengine utayaona mwenyewe. Kuna saa mtu atanyamaza na wewe utakuwa na neno tayari, zuri, linalotosha kabisa. Ninajua jinsi linavyowasha ulimi. Nakuomba tu umfikirie mama yako na nibu yake mpya.

Barua hii nimeiandika kwa penseli. Wino upo hapa, na karatasi safi, na mkono umezoea. Sitainakili. Utaona nilipofuta, na utaona mahali nilipoandika "nilikosea kidogo" nikakata neno "kidogo." Iache ilivyo.

Na jambo moja dogo, kwa kuwa wewe ndiye utakayerithi shajara zangu. Tangu mwanzo wa hamsini na tatu, kila ukurasa unaisha na maneno "nililala saa nne." Miaka mitano, saa nne, saa nne. Nilikuwa naandika saa niliyozima taa. Usiamini hata mmoja.

Mama yako.

Jumatatu asubuhi, kabla hujaamka. Nje kumetulia, vumbi limelala. Usiku wa kuamkia leo nililala saa kumi na dakika ishirini.